Sentensi Ndefu Niliyomwandikia Madamu

Michi miwili ikipishana ndani ya kinu kimoja: hiyo ndiyo sauti ya kwanza ninayoisikia nikiikumbuka nyumba yetu ya Buyenzi. Mmoja ukishuka, mwingine unapanda, na kila pigo linatoa harufu mbichi ya majani ya muhogo, harufu kali inayokaa puani na kwenye nywele hadi kesho yake. Hapa Bujumbura sombe hutwangwa karibu kila ua, lakini nyumbani kwetu kutwanga sombe kulikuwa pia darasa. Dada yangu Zaituni alishika mchi mrefu, mimi nikashika mfupi, na kati ya pigo na pigo tulisema Kiingereza. Yeye alitoa mwanzo wa sentensi, mimi nikatoa mwisho wake. Nilikuwa na miaka kumi. Yeye alikuwa na kumi na tisa, na kile ndicho kilichokuwa kiangazi cha mwisho alichokiona.

Zaituni alifanya kazi Kinindo, upande wa ziwani, katika nyumba ya mama mmoja wa kigeni aliyekuja kwa mkataba wa mwaka mmoja. Sisi tulimwita Madamu tu. Madamu hakujua Kirundi wala Kiswahili, na Kifaransa chake kilikuwa cha kuokoteza. Asubuhi alitoka mapema, kwa hiyo maagizo ya siku aliyaandika kwenye vikaratasi vya njano akavibandika mlangoni mwa friji. Kuna nyama ndani ya friji. Kuna nguo ndani ya ndoo. Tafadhali usifungue dirisha la nyuma. Zaituni alikuwa ameacha shule akiwa darasa la tatu, mwaka ambao baba alifariki, na kusoma kwake kulikuwa kwa kufuata herufi kwa kidole. Mimi nilikuwa darasa la tano. Siku za mwanzo alifanya kazi kwa kubahatisha, akafua visivyotakiwa kufuliwa, akapika vilivyowekwa kwa ajili ya wageni wa kesho. Jioni alirudi na vikaratasi vyake amevikunja ndani ya kitenge, tukavichukua hadi kwa Shabani.

Shabani alikuwa fundi wa magari, na garaje yake ilikuwa nyumba ya tatu kutoka kwetu, ua uliojaa injini zilizofunuliwa na vumbi jeusi la mafuta. Aliwahi kufanya kazi Kampala miaka saba, na mtaani ndiye aliyekuwa na Kiingereza cha kueleweka. Alituangalia, akafuta mikono, akacheka.

"Kingereza haina mambo mingi," alisema. "Iko na shasi, kama gari. Ukishajua shasi, bodi unaweka ya taksi, unaweka ya kamyo, inatembea tu."

Akachana boksi la filta, akalipindua upande mweupe, akatuandikia sentensi kumi na mbili kwa kalamu ya bluu. Kila sentensi ilikuwa na mwanzo usiobadilika, na mwisho ambao mtu angeweza kuuondoa na kuweka mwingine. Ya kwanza ilikuwa ile ya kusema kuna kitu mahali fulani. Ya nne ilikuwa ya kukataza. Ya saba ilikuwa ya kusema ninakwenda kufanya jambo. Kwa kila shasi alitupa mfano, na kwa kuwa mifano aliitoa katika maisha yake ya kibarua huko Kampala, mingi ilikuwa ya kumwomba bosi radhi. Ya kumi na mbili ndiyo iliyokuwa ndefu kuliko zote, ilichukua mistari miwili ya boksi: I am sorry, but I cannot come today because I have travelled to visit my grandmother. Alitueleza maana yake kidole kikifuata maneno. Samahani, leo siwezi kuja kwa sababu nimesafiri kumtembelea bibi yangu.

"Na bibi yako alikuwa wapi?" Zaituni akamuuliza.

"Bibi gani? Alishakufa zamani," Shabani akajibu. "Ile ilikuwa uongo ya kupata kulala."

Hivyo ndivyo kinu chetu kilivyogeuka darasa. Zaituni alishusha mchi na mwanzo wa sentensi, mimi nikashusha wangu na mwisho. Kuna chumvi ndani ya sufuria. Kuna samaki ndani ya kiatu. Siwezi kuja kwa sababu kuna ng'ombe juu ya kitanda. Sheria ilikuwa moja tu: mwanzo lazima usikosewe hata herufi, lakini mwisho ulikuwa wa kucheza, na kadiri ulivyokuwa wa kijinga ndivyo tulivyocheka na sombe kulainika. Samaki mkunje angali mbichi, na mimi nilikunjwa vizuri. Baada ya miezi miwili mianzo ile kumi na miwili ilikuwa imeingia mwilini mwangu pamoja na uzito wa mchi. Lakini nilikunjwa pia nikaamini kwamba katika Kiingereza kinachopimwa ni mwanzo, na kinachofuata baada ya neno la kwa sababu ni kichekesho tu. Hakuna aliyenifundisha hivyo kwa mdomo. Nilijifunza kwa mikono.

Sentensi zile ziliingia hata katika Kiswahili chetu. Zaituni alianza kusema tafadhali, neno ambalo nyumbani kwetu halikuwa na kazi. Alisema kuna maji ndani ya ndoo, na mama, aliyekuwa akipanga ndagala, dagaa kavu za kupeleka sokoni, akainua kichwa.

"We Zaituni, si useme maji iko? Ndoo inaweza kuweka maji inje yake?"

"Mama, mi nasema kama watu ya Kinindo."

"Basi watu ya Kinindo wakuletee na kuni."

Siku moja Zaituni alikwenda kazini jino limemvimbisha shavu, akafanya kazi siku nzima bila kusema. Madamu aliporudi na kumwona alikasirika, si kwa ubaya, na kesho yake kikaratasi cha friji hakikuwa cha nguo wala cha nyama. Kilisema: If you are sick, tell me. I will take you to the doctor. Shabani alikisoma mara mbili kabla hajatueleza. Ukiwa mgonjwa, niambie. Nitakupeleka kwa daktari. Mama alikishika kikaratasi kile ingawa hakujua kusoma, akakigeuza, akasema yule mama ana roho ya mtu. Sisi tukakipeleka kinuni kama vingine. Ukiwa na njaa, niambie. Ukiwa mgonjwa, niambie. Ukiwa mbuzi, niambie. Kwa hiyo neno la ugonjwa nililijua. Ninaliandika hili mapema ili msomaji asije akanionea huruma nisiyostahili.

Homa ya Zaituni ilianza Jumatatu, mvua za kwanza zilipokuwa zinanukia tu. Mama alimnunulia vidonge vya malaria, akamlaza chumba cha mbele penye hewa, akamfunika kanga mbili kwa sababu alikuwa akitetemeka. Jumanne asubuhi vidonge havikukaa tumboni. Macho yake yalikuwa na rangi ya chai. Akaniita, akaniambia kwa sauti ya kukwaruza: "Andikia Madamu. Mwambie niko mugonjwa. Atakuja na gari." Mama akaitikia kwamba ndiyo, niandike upesi, gari la Madamu lina nguvu kuliko miguu yetu.

Nikakaa mlangoni na kaye, daftari langu la shule. Niliandika kwanza maneno matatu: I am sick. Nikayatazama. Yalikuwa madogo mno katikati ya ukurasa, kama punje tatu za mchele kwenye sinia. Mwalimu wetu shuleni aliwasifu wenye mistari mirefu, na mimi nilikuwa miongoni mwao. Nikafikiria Madamu akiisoma karatasi ile katika nyumba yake yenye vioo, akaona kwamba sisi wa Buyenzi tunajua maneno matatu. Nikaichana. Kwenye ukurasa mpya nikaandika shasi ya kumi na mbili, yote, kwa herufi za kuunganisha, bila kukosea hata moja, na mahali pa leo nikaweka wiki hii, badiliko langu mwenyewe nililojivunia sana. Baada ya kwa sababu nikaacha bibi na safari kama Shabani alivyoviandika. Nilijua maana yake. Lakini kwangu ule ulikuwa mwisho wa sentensi, mahali pa ng'ombe juu ya kitanda. Niliona kilicho muhimu ni Madamu kujua kwamba Zaituni haji, na kwamba barua ni nzuri. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi. Hawakusema lolote juu ya mtoto anayejikwaa akiwa anajipendekeza.

Nilikwenda Kinindo mwenyewe, nikitembea nusu ya njia na nusu nikipewa lifti na baiskeli ya jirani. Getini alikuwepo zamu, mlinzi mzee mwenye koti la mvua hata kwenye jua. Aliipokea barua, akaitazama mistari ile miwili iliyojaa, akaniuliza, "Ni we umeandika?" Nikasema ni mimi. "Eh, mutoto uko na akili," akasema. Nilirudi nyumbani nikiruka madimbwi yasiyokuwepo.

Siku ile tulingoja gari. Mama aliacha biashara yake, akakaa kizingitini, na kila injini iliyosikika barabarani alisimama. Kwa Shabani pia walingoja. Alikuja mara mbili kumtazama Zaituni, akasema kama Madamu hatakuja yeye atatafuta gari, maana la kwake lilikuwa limefunguliwa gia, vipande vyake vimelala kwenye gunia. Mama akamjibu, "Atakuja. Mutoto amemwandikia." Aliitamka sentensi ile kwa fahari, na mimi nilikuwa karibu nikaisikia.

Jumatano saa nne asubuhi alikuja zamu kwa baiskeli, na mfukoni mwa koti lake kilikuwemo kikaratasi cha njano. Alinikabidhi mimi kwa kuwa ni mimi tu aliyenijua. Kiliandikwa kwa maneno mepesi, Madamu alijua kutuandikia maneno mepesi: asante kwa kuniambia, msalimie bibi yako, tutaonana wiki ijayo. Nilikisoma nimesimama juani na nikakielewa chote. Ndipo mwisho wa sentensi ulipoacha kuwa kichekesho. Niliona katika kichwa changu nyumba ya vioo, Madamu akinywa chai yake bila haraka, na Zaituni akiwa Rumonge au Nyanza, mahali popote penye bibi, anacheka.

"Anasema nini?" mama akauliza kutoka ndani.

Mlango ulikuwa wazi. Zaituni alikuwa amegeuza uso kutazama upande wangu. Zamu bado alikuwepo, amekanyaga pedali moja, na kama ningetamka neno moja angerudi nalo Kinindo kwa nusu saa. Miaka mingi nimejaribu kuweka pale sababu iliyo bora kuliko ile iliyokuwepo. Sijaipata. Niliogopa kuonekana mjinga mbele ya mtu aliyeniambia jana nina akili.

"Anasema pole," nikasema.

"Basi atakuja," mama akasema. Zamu akaondoka. Mimi nikaenda kujificha garajeni, nikakaa nyuma ya matairi mpaka jua likasogea.

Alhamisi Shabani alipata gari la kuazima, wakamlaza Zaituni kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama. Daktari aliuliza wamengoja nini siku zote hizo. Zaituni hakufika adhuhuri. Mficha maradhi, kifo humuumbua, watu husema hivyo msibani wakitafuta mahali pa kuweka lawama, na walisema hivyo kwetu pia. Nilitaka kuwaambia kwamba Zaituni hakuficha kitu. Alisema wazi, kwa lugha yake. Aliyeficha alikuwa amekaa pale pale kwenye mkeka, amefunikwa ushungi, anapewa uji.

Madamu alikuja siku ya tatu ya matanga. Nani alimpa habari sikujua, labda zamu. Alivaa kitambaa kichwani, akakaa chini kama wanawake wengine, miguu yake mirefu haijui pa kwenda. Mkononi alikuwa na barua yangu. Alilia kwa sauti ndogo, akasema maneno mengi kwa Kiingereza, na Shabani akaitwa atafsiri. Madamu akampa karatasi. Nilimwona Shabani akiisoma. Midomo yake ilitikisika ikifuata mistari, kisha ikasimama kabla ya mwisho. Akainua macho, akanitafuta katikati ya wanawake, akanipata. Sijawahi kuona uso wa mtu mzima ukichoka ghafla namna ile.

"Anasema nini?" mama akamwuliza.

"Anasema pole sana, mama," Shabani akajibu. "Anasema hakujua."

"Hakujua namna gani? Barua haikufika?"

"Ilifika. Ni Kingereza ya mutoto tu. Haikueleweka."

Akaikunja karatasi, akaiweka mfukoni mwake. Jioni mama aliniuliza taratibu, amenishika mashavu, kama neno la ugonjwa sikulijua. Nikasema sikulijua. Akanikumbatia, akasema asiyejua hana kosa, akaniombea. Wiki ile ile nilipita garajeni nikaona boksi la filta limechanwa, vipande vyake vinawasha moto wa kuchemshia gundi. Shabani hakumfundisha mtu Kiingereza tena. Vijana wakimwomba alisema amesahau. Alikufa na siri yangu, na kila tulipopishana mtaani aliniuliza habari za mama kwanza, kila mara, kabla hajanisalimu.

Leo Kiingereza hakitafutwi tena kwa fundi magari. Kimeandikwa kwenye milango ya maduka, kwenye fulana za vijana wa Musaga, kwenye simu za wanaouza vitenge, nao huanza ujumbe kwa mianzo ile ile niliyoitwanga: samahani, lakini, niko njiani, tafadhali usi… Fundi wa simu ameandika juu ya meza yake kwamba anasikitika hakopeshi. Mimi niliishia darasa la nane, ninashona, na sikuwahi kukijua zaidi ya zile shasi na vipande vilivyojibandika baadaye. Lakini nikizisikia mdomoni mwa watu huwa siangalii mwanzo. Ninangoja mwisho. Kijana akisema barabarani hawezi kuja kwa sababu, moyo wangu unasimama mpaka amalize, na mara nyingi anachomalizia ni uongo mdogo wa kawaida usiomuua mtu, naye anacheka, na mimi ninarudi kwenye cherehani yangu. Miaka ile mtaa mzima ulikuwa na watu wawili watatu wa kuandika sentensi ile. Sasa kila nyumba inaye mtoto anayeiweza. Ni vizuri. Nasema ni vizuri, na bado ninaogopa.

Mwezi uliopita binti yangu Aziza, mwenye miaka tisa, alikuwa akifanya kazi ya shule sakafuni kando ya mama yangu. Mama sasa macho yamemfifia, anakaa nami, anapenda mtoto asome kwa sauti. Mwalimu alikuwa amewapa mwanzo mmoja wa Kiingereza wa kumalizia mara tano: sikuja shule kwa sababu. Aziza alimaliza zote tano kwa maneno yale yale. Nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa mgonjwa. Nilikuwa mgonjwa.

"We uligonjwa lini?" nikamuuliza. Sauti yangu ilitoka kali kuliko nilivyotaka.

"Mama, ni mfano tu," akasema, akanishangaa. "Kila mutu anaandika hiyo. Ndiyo rahisi."

"Anasema nini?" mama yangu akauliza.

Nikazima cherehani. Nikamtafsiria alichoandika mjukuu wake. Kisha, kwa kuwa nilikuwa nimeshafungua mdomo, nikamtafsiria na ile barua, mwanzo na mwisho, na kikaratasi cha njano kilicholetwa na zamu, neno kwa neno, asante kwa kuniambia, msalimie bibi yako. Nikamwambia neno la ugonjwa nililijua. Nikamwambia Shabani alijua. Sikulia, ingekuwa kama kumwomba kitu. Mama alisikiliza ameinamisha kichwa, vidole vyake viko kwenye bega la Aziza.

"Siku ile uliposema Madamu anasema pole," akasema, "dada yako alisikia. We ukatoka. Akanivuta mukono, akaniambia, mama, nisuke, Madamu asinikute na kichwa hivi. Nikamwambia lala. Akakataa. Akakaa, mi nikamushika na magoti. Nikamusuka mistari sita. Alikuwa anaumwa, lakini alikuwa na furaha. Alikuwa anangoja gari."

Hakusema amenisamehe wala hakusema hajanisamehe. Alipeleka vidole kwenye kichwa cha Aziza, akaanza kuonyesha mistari ile ilikopita, wa kwanza kutoka paji la uso kwenda nyuma, na wa pili kando yake, na wa tatu, bila kugusa unywele hata mmoja kwa haraka. Aziza akadhani bibi anataka kumsuka. Akaweka kalamu chini, akajisogeza katikati ya magoti yake, akatulia.